Pamba Chini ya Reboki

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na sidhani kama itanitoka mpaka nami nifukiwe. Ni siku baba yangu mzazi alipolala chali chini ya gari la mume wangu, nyundo mkono huu, pamba mkono huu, akaziba kila tundu aliloliona. Alikuwa anaimba. Furaha aliyokuwa nayo ungedhani ameoa tena. Na kwa pamba ile, nusura mimi huyu unayeniona nikose mume kabla sijazaa mtoto wa kwanza.

Kaa vizuri. Hiyo telefone iweke chini, haitakimbia. Jana nilikuona pale barabarani unalipaka gari lako la winchi rangi nyeusi kwa chini, juu ya kutu, juu ya rangi iliyobambuka, ili siku ya harusi yako ling'ae kotekote. Nikajisemea, huyu nisipomwambia mimi, nani atamwambia? Mama yake anamwonea haya, na wenzake ndio wanaomshikia kopo la rangi. Wala usinijibu "tá bom, bibi", sawa sawa, kabla sijamaliza. Nakujua.

Baba yangu, Mzee Nfaume, alikuwa fundi wa vyombo vya baharini hapa hapa Olumbi. Kazi yake hasa ilikuwa kalafati, yaani kuziba nafasi baina ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, unaigonga kwa patasi butu mpaka maji yakose njia. Vyombo alivyoviziba yeye vilikwenda Mtwara vikarudi, na aliyekaa ndani hakulowa unyayo. Kwake yeye duniani kulikuwa na adui mmoja tu, naye ni tundu. Akiona ndoo imetoboka, ataiziba. Akiona ukuta una tundu, ataliziba, hata kama tundu lenyewe ni dirisha! Usicheke. Jiko langu lilikuwa na kidirisha cha kutolea moshi. Nikaenda kisimani, kurudi nakikuta kimekandikwa udongo. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta," akaniambia, na mimi nimesimama mbele yake machozi ya moshi yananitiririka. Ndiye baba niliyepewa, nami nilimpenda hivyo hivyo.

Mume wangu Saidi alitoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mtwara. Alikuja na reboki, gari la kuvuta magari mabovu, lina winchi na ndoano kubwa nyuma. Enzi hizo barabara ya kutoka Palma kwenda Mocímboa ilikuwa udongo mtupu. Mvua ikinyesha, kamiau, yaani malori, zinakaa matopeni kama nguruwe, hazitoki mpaka zivutwe. Na wachuuzi wa samaki nao, kwa haraka zao, walikuwa wakishusha magari mpaka mchangani kupakia; maji yakijaa yanawakuta hapo hapo wanapiga kelele. Nani wa kuwatoa? Saidi. Analiingiza reboki mpaka maji ya chumvi yanafika tumboni mwa gari, anawavuta, anarudi nyumbani amelowa, anacheka. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha, hatukuwa na nyingine.

Basi kwetu mwanamume huoa akaja kukaa ukweni. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya ua wa baba, na reboki lililala pale pale uani, chini ya banda la makuti. Mama yangu alikwisha kutangulia mbele ya haki, ndugu zangu hawakukua, nimebaki mimi peke yangu na mzee. Na unajua adabu ya ukwe ilivyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mkwe hamsahihishi mkwe. Baba mkwe akikupa chai yenye chumvi, unakunywa, unashukuru, unaomba na kikombe cha pili. Saidi alikuwa mtu wa adabu hiyo kupita kiasi. Alikuwa hata akikohoa, anageukia ukutani ili baba asisikie.

Reboki lile kwa juu lilipendeza, mwanangu. Jekundu, limeandikwa jina la Mungu juu ya kioo. Lakini nyumba njema si mlango. Ukiinama kuangalia chini, lahaula! Rangi ilikuwa inabambuka kama magamba ya samaki, ukiigusa kwa kidole inadondoka pamoja na kipande cha kutu. Chumvi hiyo. Chumvi haina haraka wala haichoki. Saidi alikuwa anasema ataliosha, atalikwangua, atalipaka, lakini kila akitaka kuanza, anakuja mtu mbio kuwa kamiau imelala njiani kwenda Mocímboa.

Mara akaletewa habari kuwa mama yake anaumwa. Akavuka kwenda kumwuguza, gari akaliacha uani.

Sasa baba, miaka hiyo, hakuwa na kazi nyingi. Watu walikuwa wameanza kununua boti za plastiki, hizi zisizotaka kalafati. Anakaa na vyombo vyake vya kazi, anavifuta, anavirudisha kwenye kapu. Nikimwona vile roho inaniuma. Kumbe mzee naye anayo yake moyoni. Asubuhi moja akaniambia, "Mkwe wangu yuko kwa mama yake, nami nikae bure kama gogo? Nitamtengenezea chombo chake."

Akaingia kazini. Na usidhani alibabaisha. Mzee yule hakujua kubabaisha. Alikwangua rangi yote iliyolegea, akasugua, akapaka sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka majahazi. Harufu yake, mwanangu, siwezi kukusimulia. Paka wa Olumbi nzima walihamia uani kwetu, wanalala chini ya gari wanalilamba. Mpaka hapo hakuna aliyekosea, sifa haiharibu chuma. Shida ilikuja alipofika kwenye vile vyuma virefu vinavyobeba winchi. Ndani ni vitupu kama mwanzi, na kwa chini vimetobolewa vitundu, kidole cha mwisho kinapenya. Baba alitoka chini ya gari amefura.

"Somoe! Njoo uone maajabu! Chombo gani hiki kimeachwa kinavuja? Waliokiunda walikuwa wamelala?"

Mimi ningejua nini? Nikamwambia kweli baba, ni maajabu. Akasokota pamba, akailoweka, akaigonga humo kwa patasi yake, juu akaweka chokaa iliyokandwa kwa mafuta, akasawazisha kwa gumba. Majirani wakaja, wakainama mmoja mmoja, wakasema mashallah, hapa hata mchwa hapiti. Baba alitembea siku ile kifua mbele.

Saidi akarudi, mama yake kapata nafuu, alhamdulillahi. Baba alimshika mkono kabla hata hajatua mzigo, akampeleka kwenye gari. Saidi akainama. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko, nikaona mgongo wa mume wangu umekuwa kimya. Hee, mgongo nao hunyamaza, ukioa utaujua. Aliposimama alikuwa anatabasamu. "Ahsante sana, baba. Mungu aibariki mikono yako."

Tulipokwenda shamba kesho yake ndipo akanieleza. Vile vitundu, aliniambia, si kasoro. Waliounda gari waliviweka makusudi. Maji huingia kwa juu, kwenye nati na kwenye viungo, huwezi kuyazuia hata ufanyeje. Basi wameyaachia mlango wa kutokea chini. Chombo cha baharini kina maji nje, ukitoboa umekufa. Gari maji yake yamo ndani, ukiziba umekufa vile vile. "Na haya ya kwetu ni maji ya chumvi," akasema.

"Basi mwambie baba."

Akanikodolea macho. "Mimi? Nimwambie mkwe wangu kuwa ameharibu?"

"Basi ichomoe kimya kimya."

Hilo akalifanya. Alichomoa pamba moja, akaitupa jalalani. Lakini baba alikuwa na desturi yake, kila Ijumaa akitoka msikitini lazima ainame kuikagua kazi. Akaona tundu liko wazi. Akaketi juu ya kibao changu cha mbuzi, kanzu na kofia yake, akaangalia mikono yake. "Mkono umezeeka, Somoe. Zamani pamba yangu haikudondoka hata mbao zioze." Saidi alikuwa ndani, alisikia kila neno. Baba akaenda kusokota pamba nyingine, nene kuliko ya kwanza, akaigonga mpaka ikalia. Toka hapo mume wangu hakugusa tena.

Mvua zikaja. Mwanangu, mvua za mwaka ule zilikuwa na hasira. Kamiau zimekwama kila kona, Saidi hapumziki, na kila kazi ya mchangani anarudi na chumvi mpya. Ikawa reboki likipita kwenye shimo, unasikia maji yanacheza ndani ya vyuma, chwa, chwa, kama mtungi kichwani mwa mwanamke. Rangi ikaanza kuvimba vipele kama vitumbua, kisha vipele vikapasuka, chini yake kutu tupu. Saidi alikuwa akigonga pale kwenye mhimili wa winchi, anasikiliza, anatikisa kichwa. Alikuwa anajua kuwa mhimili ule siku moja utakatika akiwa anavuta kamiau yenye mzigo, na waya ukirudi nyuma humkuta mtu.

Sasa ninyi mnaojifunza mambo ya chuma, hamjui kuwa kutu ina ndugu yake anayekaa nyumbani. Saidi alipoacha kumwambia baba neno moja lile, akajikuta hamwambii na mengine. Akaacha kula naye sinia moja. Mara amechelewa, mara ameshiba. Kisha akaacha kunitania mimi. Akawa anarudi, anakoga, analala akiangalia ukuta. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami nikawa nausubiri huo mshindo kila siku nikikuna nazi. Ukaja kweli. "Mvua zikikatika," akaniambia, "nitalivusha hili gari, nikakae kwetu. Siwezi kungoja linivunjikie mikononi. Uje nami au ubaki na baba yako, sikulazimishi."

Mimba yangu ilikuwa imeanza kuonekana. Kumwacha mzee peke yake uani na kapu lake la patasi? Kumwacha mume? Niliona dunia imekuwa nyembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Nikasema liwalo na liwe, namwambia baba mwenyewe. Nikampelekea kahawa, nikachuchumaa, nikafungua mdomo. Yeye akanitangulia. "Unajua, mwanangu, nikifa leo sina kinyongo. Kazi yangu ya mwisho nimemfanyia mkwe wangu, na imetulia." Nikamwambia kahawa ina tangawizi, anywe ingali moto.

Mtu aliyetuokoa ni Bi Atija. Huyu hukumkuta. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kijiji cha pili. Ukoo wake na ukoo wetu walikuwa watani tangu enzi za mababu. Na utani ule haukuwa huu wenu wa kutumiana vichekesho. Mtani alikuwa na haki. Anaingia kwako bila hodi, anachukua kuku, anakutukana mbele za watu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Hata msibani anakuja kumwigiza marehemu, mnacheka na machozi yapo.

Alinikuta kisimani nimeshika kamba, ndoo iko chini, siivuti. Akaniuliza, "We Somoe, kisima kimekuoa?" Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikamwaga yote. Pamba, mvua, mhimili, Mtwara. Nilidhani atanihurumia. Hee! Alinigeukia na uso mkavu.

"Wajinga, tena nyote! Mnaita adabu. Adabu gani kumwacha mzee anaua gari la mkwewe kwa mkono wake, yeye anadhani anatoa zawadi? Siku mhimili utakapokatika ukamuua mumeo, baba yako atajua tu. Mtamwambia nini? Kwamba mlimstahi? Mficha uchi hazai, we mtoto."

"Sasa nani atamwambia, Bi Atija? Mkwe hawezi. Mimi nimeshindwa."

"Na mimi nimewekwa kwa kazi gani? Kula ubwabwa wa matanga tu?"

Akajitwika ndoo yake akaondoka zake, wala hakuniaga. Nami nilibaki pale nimeona aibu na nimepata nafuu, yote mawili pamoja.

Ijumaa ikafika. Wanaume wametoka msikitini, wamesimama uani kwetu na tasbihi zao wanangoja chakula. Baba kama kawaida ameinama chini ya gari, kanzu yake nyeupe ameikunja. Saidi yupo pembeni. Ndipo sauti ya Bi Atija ikaingia kabla yake.

"Nfaume we! Umemfanya nini mkweo? Gari lake lina mimba kubwa kuliko ya binti yako!"

Watu wakaanza kucheka. Baba akachungulia. "Nani huyo? Ah, Atija. Mdomo wako ndio ulitaka kalafati tangu siku uliyozaliwa."

"Pamba ya dunia nzima haitoshi! Nakuambia gari linabeba maji halikojoi, umeliziba njia zote. Hebu tukuzibe wewe hivyo mvua nzima, tuone kama utasimama wima msikitini!"

Lo! Wanaume wazima walikaa chini kwa kucheka. Baba mwenyewe anacheka mpaka kofia imedondoka. Kisha Bi Atija akashusha sauti. Nilikuwa mlangoni, nikamsikia vizuri, haikuwa tena sauti ya utani.

"Gonga hicho chuma, fundi. Wewe si husema chombo kizuri huongea? Basi kigonge, kikujibu wewe mwenyewe."

Baba akaacha kucheka. Akachukua nyundo, akagonga. Chuma kizima hulia, mwanangu, kile kilijibu du, kama mtungi uliojaa. Akagonga tena huku kichwa ameinamisha. Akalala chali vile vile na kanzu yake ya Ijumaa, akachukua kulabu, akaichomoa pamba.

Yakatoka maji. Meusi, mazito, yananuka chumvi na kutu, yakammwagikia kifuani na shingoni. Hakuyakwepa. Akachomoa na ya pili, na nyingine, na nyingine, mpaka zote. Maji yalitiririka mpaka yakafika miguuni kwa Saidi. Hata Bi Atija alikuwa ameshika mdomo.

Baba alipotoka alikuwa amechafuka kama mtu aliyechimba kisima. Akamwangalia mume wangu.

"Mkwe, ulijua?"

Saidi akaangalia chini. "Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi."

"Na ile pamba iliyodondoka?"

"Niliichomoa mimi."

Nilikuwa nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili. Baba akajifuta maji usoni, akasema taratibu, "Nilidhani mkono wangu umezeeka." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni baba mkwe wangu. Nilikuogopa."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimekaa vyomboni tangu sijaota ndevu. Ndani ya chombo hakuna ukwe. Anayeona maji, anapiga kelele, hata kama nahodha ni babu yake aliyemzaa baba yake. Anayenyamaza kwa adabu anazama na adabu yake, na sisi tunazama naye. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Basi leta maji ya kisima, tuanze."

Ndivyo alivyosema, na kanzu ile hajaivua. Bi Atija akauliza nani ataifua, baba akamwambia atamfukia nayo yeye kwanza. Kicheko kikarudi uani. Mimi niliingia jikoni nikalia peke yangu kwa raha, kisha nikapakua chakula, na siku ile Saidi alikula sinia moja na baba yangu, bega kwa bega, wote wawili wananuka papa.

Kazi waliyofanya baada ya hapo ndiyo nataka uisikie, kwa sababu ndiyo hukuifanya wewe jana. Kwanza maji matamu. Sisi wanawake tulichota, wao wanamwaga ndani ya vile vyuma na kila pembe ya chini, mpaka ukionja maji yanayotoka huonji chumvi. Ndiyo, baba alikuwa anaonja! Kisha wakaliacha likauke kwa jua. Kisha wakakwangua, kwa brashi ya waya, kwa patasi, kwa msasa, si pale palipovimba tu, wakaenda mpaka chuma kinang'aa. Pale ule mhimili wa winchi ulipokuwa umeliwa, Saidi alikwenda na reboki pole pole kwa fundi wa kuchomelea Mocímboa, wakakata kilichooza, wakaweka chuma kipya. Ndipo ikaja rangi ya kwanza, ile nyekundu ya kushika kutu, ikakauka. Ndipo ikaja nyeusi. Mimi nilikuwa nawatazama nawaza msiro, ile poda nyeupe ya mti ya kujirembea. Sisi wanawake wa huku, kabla hatujapaka msiro usoni, tunaosha uso kwanza. Nani anapaka juu ya jasho na vumbi? Utatoka umependeza, ukifika harusini unadondoka vipande vipande.

Na ilipokwisha, Saidi akafanya jambo ambalo mpaka leo nampendea. Alimfuata baba, akasema, "Baba, kwenye viungo brashi yangu haifiki. Nisaidie na sifa yako. Ila tu tuache vitundu." Mzee alikwenda kulichukua kapu lake mbio kama kijana. Paka nao wakarudi.

Toka Ijumaa ile, baba akitoka msikitini alikuwa anachomoa kijiti kimoja kwenye fagio langu la chelewa. Anainama chini ya reboki, anakipitisha kwenye kila kitundu, kama kimeziba kwa tope analitoa. Yeye yule aliyekuwa adui wa matundu! Fagio zangu ziliisha, nilikuwa nalalamika, yeye anasema tundu la kutolea maji linataka mlinzi. Akakizibua na kidirisha cha jikoni, bila kuombwa, akadai moshi unamsumbua yeye. Nikamwambia, sawa baba.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa uani pale pale. Hakuna aliyekwenda Mtwara, ila kusalimia.

Siku baba alipotutoka, Saidi hakulia. Alibeba, alichimba, alipokea watu, macho makavu kama kokwa la embe. Nikaanza kuogopa, kwa sababu kimya kile nilikuwa nakijua. Tumerudi makaburini, watu wamekaa kwenye mikeka, mara anatoka Bi Atija. Amevaa kanzu kuukuu ya baba. Kofia ya baba kichwani. Akaenda moja kwa moja kwenye reboki, na unene wake ule, akalala chali chini ya gari huku anaimba wimbo ule ule wa baba, kijiti cha chelewa mkononi, anazibua kitundu kimoja baada ya kingine, anauliza kwa sauti ya baba, "Somoe! Nani kayalaza maji humu?" Watu walicheka. Mimi nilicheka. Na mume wangu akainamia magoti yake akalia kwa sauti, kilio kile kilichokuwa kimekwama tangu asubuhi, akalia mpaka kikaisha, akanawa uso, akaomba chai.

Wazee wetu hawakuwa wajinga, unaona. Walijua adabu inaziba midomo, nao wakauacha utani uwe kitundu cha chini. Siku hizi naona mnauua utani, mnasema mmedharauliwa, na kila mtu anatembea maji yanacheza ndani yake, chwa, chwa.

Tumepita mengi tangu hapo. Tumekimbia vita, vitita kichwani, tumelala ugenini, tumerudi, tumeanza tena. Lile reboki lilikwisha kufa kwa uzee wa injini, lakini mgongo wake haukukatika. Saidi wangu huyo hapo kivulini, ananisikiliza anajifanya amelala. Tukigombana, mmoja wetu husema tu, "Chomoa pamba," basi mwingine anajua ni wakati wa kusema lililo moyoni, hata kama linanuka. Linamwagika, tunafua kanzu, tunakula.

Basi nasaha zangu ni hizi, mwanangu. Gari lako usilipake juu ya kutu. Ioshe chumvi kwa maji matamu, likwangue mpaka uone chuma chenyewe, ndipo upake, na vitundu vya chini uviache vipumue. Na hiyo nyumba unayokwenda kuifungua, ifanyie vivyo hivyo. Usimfiche mkeo kidonda ukakifunika kwa kicheko. Mkweo mheshimu, mwinamie, lakini siku ukiona maji chomboni, piga kelele. Ukishindwa kusema wewe, mtafute mtani akusemee. Heshima isiyokuwa na pa kutolea neno ni kutu tu iliyopakwa rangi.

Nenda sasa, ukalikwangue. Chukua na hiki kijiti cha chelewa, nimekichomoa kwenye fagio langu mwenyewe, na Saidi ataanza kelele kuwa fagio zinaisha. Kiweke juu ya kioo cha gari lako. Mungu akupe mke wa kukwambia kweli na masikio ya kumsikia. Akupe wakwe wa kula nao sinia moja. Akulinde barabarani, wewe na winchi yako na watu utakaowatoa matopeni. Na maji yakikuingia, maana yatakuingia tu, akujaalie yasilale. Amina.